Mama wa Kambo, Bibi na Treni ya Kihispania

Kwa muda mrefu mmekuwa mkiniomba niongelee suala la watoto tunaowakuta ndani ya ndoa, na mimi nimekuwa nikilikwepa kama mdeni anavyokwepa duka la Mangi. Si kwamba sina la kusema. Ninalo, tena linanihusu mwenyewe. Leo naweka soni pembeni: mimi ni mama wa kambo. Haya, nimeshasema.

Neno lenyewe baya, au nasema uongo? Ukilitamka tu, watu wanaona sufuria ya wali imefichwa uvunguni na mtoto wa watu amelala njaa. Nilidhani ni sisi Waswahili tu tulioliharibu hivyo, kumbe hata Wahispania wana lao, wanasema madrastra, na watoto wao wanalijua kutoka kwenye hadithi zile zile za binti anayefagia majivu wakati wenzake wanakwenda kucheza dansi. Kwa hiyo kijana wetu alipotua nchini mwezi Julai 2025, akiwa na miaka 6 na begi la mgongoni lenye picha ya roketi, alikuwa ameshanijua kabla hajaniona.

Niwape historia kwa kifupi. Mume wangu alikwenda masomoni Zaragoza, mji wa Hispania ulioko katikati ya Madrid na Barcelona. Huko akapata mpenzi, Mhispania, wakazaa mtoto wa kiume, halafu mambo hayakwenda. Akarudi nyumbani, tukakutana Dodoma, tukaoana. Sikudanganywa. Nilionyeshwa picha za mtoto siku ya tatu tu ya kufahamiana, na nawaambia akina kaka mnaosoma hapa, hiyo ndiyo namna. Jina la mtoto naliweka kapuni, nitamwita Kijana.

Shule za Hispania zinafungwa mwishoni mwa Juni hadi Septemba, likizo ndefu kuliko hata uvumilivu wa wazazi. Mama yake alikubali Kijana aje kwa bibi yake kwa mara ya kwanza, ila kwa sharti. Kijana alikuwa amemaliza darasa la kwanza, na mwalimu wake alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba anasoma polepole kuliko wenzake. Kwa hiyo kila siku ya Mungu asome dakika 15 kwa Kihispania, na kila Jumapili amsomee mama yake ukurasa mmoja kwenye simu ya video. Akirudi amesahau kusoma, basi kiangazi kijacho atabaki kwao. Mume wangu alinitafsiria ujumbe huo huku anacheka. Mimi sikucheka. Ningekuwa mimi ndiye mama yake, ningeandika hivyo hivyo.

Baba yake alimfuata mwenyewe. Walipanda treni kutoka Zaragoza hadi Madrid, ile ya mwendo wa kilomita 300 kwa saa, safari ya karibu kilomita 300 ambayo inaisha kwa saa moja na dakika kama 20. Halafu ndege hadi Addis Ababa, ndege tena hadi Dar es Salaam. Kutoka Dar wakapanda SGR yetu, treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, na kwa bahati wakapata mchongoko. Kijana alikaa dirishani akiangalia kile kioo kinachoonyesha mwendo, kilipofika 160 akamwambia baba yake, "Hii ni nusu." Baba mtu alijisikia vibaya kana kwamba treni ameijenga yeye.

Kutoka Dodoma mambo yalizidi kupungua kasi. Mume wangu alipata siku nne tu za ruhusa na zikaisha. Mimi nilikuwa na likizo yangu ya mwaka, siku 28, na nilikuwa nimepanga kwenda Zanzibar na mashosti. Nikaiacha Zanzibar. Tukapanda basi mimi na Kijana hadi Singida, kilomita kama 240, na si mnajua basi la abiria sheria ni 80 kwa saa, na Manyoni lazima watu washuke wale chipsi kuku. Kutoka Singida mjini tukapata gari dogo, na mwisho kabisa bodaboda mbili, moja ya mizigo na moja yetu. Tukaingia Mungaa jioni, upepo wa kipupwe unavuma, yale mawe makubwa yamekaa juu ya mengine kama yamepangwa na mtu, na alizeti zimeshavunwa. Mizigo yetu kutoka njiapanda hadi nyumbani ilimalizia safari kwenye mkokoteni wa punda. Kijana alihesabu vidole. Treni, ndege, ndege, treni, basi, gari, pikipiki, punda. Akalala kabla hajavua viatu.

Kesho yake ndipo kazi ikaanza. Kwenye begi lake alikuwa na kitabu kimoja tu cha kusoma, kitabu cha watoto kuhusu vyombo vinavyokwenda kasi. Kila ukurasa picha kubwa na maneno machache chini yake. El tren. El avión. El barco. El coche. El cohete, yaani roketi. Mwenzenu nikajisemea hii si kitu, mimi nina shahada, Kiingereza nakiongea ofisini kutwa nzima, nitashindwaje na kitabu cha mtoto wa miaka 6? Nikakaa naye mkekani, nikafungua, nikaanza kumsomea kwa ile lafudhi yangu ya semina. Avión nikasema "eivioni". Coche nikasema "kochi". Kijana akaniangalia kama mtu anayemwangalia kichaa mpole. Akafunga kitabu, akaenda kufukuza kuku.

Siku ya pili nikaja na ujanja wa mjini. Simu. Nikapanda juu ya lile jiwe nyuma ya nyumba, maana ndipo mtandao unapopatikana vizuri, nikapakua programu inayosoma maandishi kwa sauti. Unapiga picha ukurasa, simu inasoma, tena kwa Kihispania kilichonyooka. Kijana akasikiliza kitabu kizima kwa dakika mbili akiwa amelala chali. Siku ya tatu hivyo hivyo. Jumapili ilipofika mama yake akapiga, Kijana akashika kitabu, akaangalia picha ya meli ikiwa juu ya maji, akasema "barco" kwa kujiamini kabisa. Neno lililoandikwa pale lilikuwa ferri. Mama yake akamwambia asome tena. Akasema tena "barco". Kwenye ukurasa wa pili alisoma neno zima ambalo halikuwepo. Mama mtu hakunigombeza, wala hakusema na mimi. Alisema tu na mwanawe kwa upole, na simu ikakatika.

Usiku ule tuligombana na mume wangu kwa simu, mimi juu ya jiwe na kanga kichwani, yeye kwenye kochi letu Dodoma. Nilimwambia huyu mtoto ni wako, Kihispania ni chako, na umenitupia vyote viwili. Akasema, "Mke wangu, mwache mtoto acheze, ni likizo." Nikamwambia akicheza tu hii itakuwa likizo yake ya mwisho hapa na mama yako atakufa bila kumwona tena. Akanyamaza. Wapenzi wasomaji, mwanamume akinyamaza hivyo ujue umepiga mshipa. Ila mshipa haukunifundisha kusoma Kihispania.

Sasa niwaambieni habari ya mama mkwe. Alizaliwa kabla ya Uhuru, hakuwahi kukaa darasani alipokuwa mtoto kwa sababu mbuzi wa baba yake walihitaji mtu. Lakini mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kikaenea vijijini, yeye akiwa mama kijana alikwenda kukaa chini ya mti na wenzake, mtoto mgongoni, akafundishwa a e i o u na ba be bi bo bu. Mpaka leo anasoma kitabu chake cha sala hivyo hivyo, kwa kidole, silabi kwa silabi, na haruki hata moja. Kinyaturu ndiyo lugha yake ya moyoni, Kiswahili ni cha kanisani, sokoni na kwa wakwe kama mimi. Kiingereza hana hata neno.

Jumatatu jioni alikuwa anapepeta uwele. Kijana alikaa karibu yake na kitabu kimefungwa. Mama akafuta mikono, akavaa miwani yake yenye mguu uliofungwa uzi, akasema, "Nipe na mimi nione, mume wangu." Bibi zetu si mnawajua, mjukuu wa kiume ni mume, na mimi nimeshazoea kuwa mke mdogo. Akaweka kidole chini ya neno. "A-vi-o-ni," akasoma. Kijana akainua kichwa. "Hii C haina H, ni kitu gani?" akaniuliza mimi, mwenye shahada, nami sikujua. Kijana akaelewa swali bila kuelewa lugha. Akaonyesha kwa kidole: "Ca, co, cu." Bibi akaitikia kama darasani: "Ka, ko, ku." Halafu akasoma, "Ko-che." Kijana akaruka. "¡Sí! ¡Coche!"

Wakaendelea. "Ko-he-te," akasoma bibi. "No, no. Ko-e-te." Kijana akaziba ile H kwa kidole gumba. Nikamwambia mama, nadhani anasema hiyo H haisomwi. Mama akavua miwani, akamtazama mjukuu wake, akauliza kwa Kiswahili swali ambalo hata mimi ningependa kuwauliza Wahispania: "Sasa wameiandika ya nini?" Kijana hakuelewa, ila alicheka mpaka akajiviringisha kwenye uwele.

Nilikaa pale nikijiona mjinga, na hapo ndipo nilipoelewa. Kihispania kina irabu tano tu, a e i o u, na zinasomwa kama zetu, hazibadiliki ovyo kama za Kiingereza ambacho unaandika hivi unasoma vile. Mtu aliyefundishwa kusoma kwa silabi za Kiswahili ana robo tatu ya kazi tayari. Mimi nilishindwa kwa sababu kila nikiona herufi za kigeni nakimbilia Kiingereza, kana kwamba dunia ya ng'ambo ina mlango mmoja. Bibi hana mlango huo, akaingia moja kwa moja.

Na zile herufi za ajabu ajabu nyingi tunazo, tumeziandika tofauti tu. Ñ yenye kofia ni ny yetu ya nyumba, kwa hiyo España ni Espanya. Ch ni ya chai. Z ya Hispania, na c ikikaa mbele ya e au i, ni th ya thelathini, kwa hiyo bicicleta inasomeka bithikleta. J ni ile kh unayoisikia mtu akitamka vizuri neno Sheikh, kwa hiyo viaje, safari, ni kama biakhe, maana V yao nayo inasomwa karibu na B. Ll inaelekea kwenye y. Qu ni k. Unaijua jioni moja, unaanza kusoma. Kuelewa ni suala lingine, lakini mtoto ndiye aliyekuwa anaelewa, na hiyo ikawa ndiyo siri yenyewe: sisi tulijua kutoa sauti, yeye alijua maana, hakuna aliyeweza kusoma peke yake.

Bibi alikuwa na udhaifu wake pia, nisimpambe sana. Konsonanti mbili zikikaa pamoja, au neno likiishia bila irabu, ulimi wake unataka kuongeza kitu. Tren alisema "tireni" siku nne mfululizo. Kijana akawa anamshika mashavu, "Trrr, abuela, trrr," na bibi anatema mate kidogo bila kukusudia. Abuela ni bibi. Basi ikawa kila mtu ana anachomsahihisha mwenzake, na yule mtoto aliyeambiwa anasoma polepole kuliko wote akawa mwalimu wa darasa la watu wawili, mmoja ana miaka zaidi ya 70 na mwingine ni mhasibu.

Tulipanga hivi, kama kuna anayetaka kuiga. Dakika 15 baada ya chai ya jioni, si baada ya chakula cha usiku, maana akishashiba anasinzia. Tunafunika picha kwa kipande cha khanga kwanza, kwa sababu mtoto akiona picha hasomi, anabahatisha, na ndiyo ilivyokuwa ile Jumapili ya aibu. Kidole chini ya silabi. Yeye ukurasa mmoja, sisi ukurasa mmoja, kupokezana. Akikwama hatumwambii neno, tunamsomea silabi ya kwanza tu na tunasubiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda mimi. Nimezoea kumalizia watu sentensi, hata mume wangu analalamika. Mama mkwe anaweza kusubiri mpaka kuku walale. Neno likishasomwa, khanga inainuliwa, picha inaonekana, na hapo tunaongea habari za chombo chenyewe kwa lugha yoyote iliyopo mdomoni, na mikono.

Vichekesho havikukosa. Siku tuliyofika ukurasa wa pikipiki, Kijana alisoma kwa sauti ya nguvu, "¡La moto! ¡La moto!" na watoto wa jirani waliokuwa wanachungulia ukutani wakageuka kutafuta moto uko wapi. Moto kwao ni pikipiki. Wale watoto walipojua, kila bodaboda iliyopita ikawa inapigiwa kelele za moto, na dereva mmoja alisimama kweli kukagua injini yake. Kumbe pia ndiyo sababu Kijana alikataa siku zote kumwita baba yake "baba": kwa Kihispania baba ni udenda! Na "kaka" je? Caca kwao ni kinyesi. Mtoto wa jirani, mstaarabu kabisa, alimsalimia "shikamoo kaka", tukapoteza robo saa nzima.

Lakini kuna yaliyofanana kwa heri. Bibi alikuwa anaweka sukari kwenye chai, Kijana akasema azúcar, wakatazamana. Waarabu walikaa Hispania tangu mwaka 711 na dola yao ya mwisho kule, Granada, ikaanguka 1492, na wakaacha maneno mengi nyuma. Wakaacha mengine kwetu Pwani. Sukari ni moja. Neno lao hasta, lenye maana ya hadi, ni ndugu wa hata yetu, na tarifa yao, bei iliyopangwa, ni ndugu wa taarifa. Na lile tamu kuliko yote tulilipata kwenye ukurasa wa treni ya kasi. Hispania wanaiita AVE, kifupi cha maneno yanayomaanisha mwendo kasi wa Kihispania, tangu ile ya kwanza ya Madrid hadi Sevilla mwaka 1992. Lakini ave ni neno pia, maana yake ndege, wale wa mabawa. Nilipomweleza mama mkwe alifikiri kidogo akasema, "Si na sisi tulifanya hivyo hivyo? Chombo kiliporuka tukakiita ndege. Wao wamempa treni." Nikamtafsiria Kijana kwa kuonyesha kuku, juu, na picha. Akaelewa. Usiku aliota anapiga mabawa, alinipiga teke.

Ndiyo, alikuwa amehamia kwenye mkeka wetu.

Kitabu kilikwisha mapema, kilikuwa na kurasa chache, na kukirudia mara kumi mtoto anakijua kwa moyo badala ya kukisoma. Ndipo tukatengeneza cha kwetu. Nilinunua daftari dukani, tukaligawa na watoto wa jirani: juu Kihispania, chini Kiswahili, katikati picha, na masharti ni kiwe chombo kinachokwenda kasi ambacho mchoraji amekiona kwa macho yake. Wakachora bodaboda. Wakachora basi la Dar linalopita barabara kuu alfajiri. Kijana alichora mchongoko na pua yake, wenzake wakamwuliza itafika lini Singida, nikawaambia reli inajengwa kutoka Makutupora kwenda Tabora na itapita Manyoni, kwa hiyo mkoa wetu umo, ila Mungaa bado mtaifuata.

Binti mmoja wa jirani, mkubwa kidogo, hakuchora treni. Alichora gari jeupe la hospitali ya Makiungu, ile iliyoanzishwa na masista Wakatoliki miaka ya 1950, na ndani yake mwanamke amelala. Akasema ni mama yake, siku alipozaliwa mdogo wake. Walikuwa wamepiga 115 usiku, ile namba ya bure ya mpango wa m-mama uliosambazwa nchini kuanzia 2022, wa kuwasafirisha haraka wajawazito na watoto wachanga waliopata tatizo. Akamwomba Kijana amwandikie kwa Kihispania. Kijana alijua neno, ambulancia, lakini hakuwahi kuliandika. Akakaa nalo muda mrefu, anatamka, anahesabu silabi kwa vidole, anafuta. Am-bu-lan-cia. Alipomaliza hakuacha kosa hata moja. Chini yake binti akaandika: gari la wagonjwa. Halafu akauliza kama wanaweza kuongeza "lilifika". Wakaongeza. Llegó.

Jumapili ya tatu ikafika. Safari hii hatukupanda jiwe mimi na Kijana peke yetu, mama mkwe naye alipanda, kwa kusukumwa kidogo. Kijana hakushika kitabu cha dukani, alishika daftari. Akasoma kurasa tatu. Alisoma polepole, yaani polepole kweli, nami nilikuwa nabana meno nisimalizie. Lakini alisoma kilichoandikwa, herufi kwa herufi, na neno likimshinda alirudi mwanzo wake mwenyewe. Alipofika kwenye tren, bibi huku nyuma akashindwa kujizuia, akasema "trrren", safi kabisa, mara ya kwanza.

Mama mtu akauliza ni nani huyo. Kijana akageuza simu. Ikawa sura tatu zimebanana kwenye kioo: bibi, mimi na upepo unaotupiga khanga usoni. Hatujawahi kuonana, mimi na yule mwanamke. Ni mzuri, nisiwafiche, na nilikuwa nimefunga kitambaa cha jikoni. Tukasalimiana kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili. Akaniuliza nani anamfundisha kusoma hivyo, kwa silabi, kwa sababu yeye naye ndivyo alivyofundishwa na bibi yake kijijini, ma me mi mo mu, na shuleni kwa mtoto wanaenda haraka sana. Nikasema ni mama mkwe wangu. Nikajisahihisha: bibi yake Kijana. Akanyamaza kidogo, halafu akaniomba nimpigie picha kurasa za lile daftari nimtumie, hasa ile ya gari la wagonjwa. Kuhusu kiangazi kijacho hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Akina dada, kuna maswali ambayo ukiyauliza mapema unajipatia jibu la mapema.

Kuhusu kuniita jina, lilitatuliwa na bibi bila kikao. Siku moja Kijana alitaka maji na hakujua aniite nani, akawa ananivuta gauni. Mama mkwe akamwambia, akinielekezea kidole, "Ma-ma m-do-go." Kijana akalirudia kwa silabi, kama neno la kitabuni. Ile "m-do" ilimpa shida kama bibi alivyopata shida na tren, akasema "emdogo" siku mbili. Madrastra sikuisikia tena, au kama aliisema, aliisema moyoni.

Amesharudi kwao, kwa punda, pikipiki, gari, basi na vingine vyote kwa mpangilio wa kuongezeka. Daftari aliliacha Mungaa makusudi, bibi alisema atalihitaji kwa mazoezi. Nilipokuwa nafungasha ndipo nikaona kumbe alikuwa ameongeza ukurasa wa mwisho peke yake, bila kutuambia. Alikuwa ameorodhesha vyombo vyote kuanzia chenye kasi kuliko vyote, cohete, avión, tren, coche, moto, burro ambaye ni punda. Chini ya punda kabisa alikuwa amechora mwanamke mwenye kitambaa kichwani, kitabu mkononi, na pembeni yake ameandika kwa mwandiko wake ule mkubwa: Mama mdogo lee muy despacio. Nikamtumia picha mume wangu anitafsirie. Alichelewa kujibu, nadhani alikuwa anacheka na wenzake ofisini. "Anasema mama mdogo anasoma polepole sana."

Tukutane mwezi ujao.